Siku Baba Alipoomba Chumba cha Plasta

Baba yangu alisukuma machela hospitalini kwa miaka kumi na tisa. Alijua machela ipi ina gurudumu linalolia, kona ipi ya ukumbi ina kigae kilichoinuka, na namna ya kupita mlango wa eksirei bila kumgonga mgonjwa mguu. Wenzake walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakukimbia hata siku moja na bado alikuwa wa kwanza kufika.

Nyumbani tulimjua kwa jambo jingine. Baba hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa anatupia neno, kisha anakaa kimya kusubiri tulidake. Akitaka kikombe cha pili cha chai, alisema, "Chai ya leo imekolea kwelikweli." Akitaka dirisha lifungwe, alivaa sweta na kukohoa mara mbili. Akitaka redio ipunguzwe sauti, aliuliza kama jirani hana mtoto mchanga. Sisi watoto watatu tuliufanya mchezo, wa kwanza kufumbua fumbo la Baba anashinda. Mama yeye hakuuona mchezo wowote hapo.

"Nyinyi mnacheka," alisema. "Mimi nimeolewa na kitendawili."

Hata ndoa yao ilipatikana kwa kuzunguka. Mama alikisimulia kisa hicho mbele ya Baba kila walipokuja wageni, na Baba alibaki kutabasamu akitazama viatu vyake. Kabla hawajaoana, alikwenda nyumbani kwa kina Mama kila Jumamosi kwa miezi minane, na kila Jumamosi alikuta kitu cha kutengeneza. Leo bawaba ya mlango, wiki ijayo mguu wa stuli, wiki inayofuata bomba linalovuja. Babu alifurahi, akadhani amepata fundi wa bure. Mwishowe dada yake Mama, yaani mama mkubwa wetu, alimsimamisha mlangoni na nyundo yake mkononi.

"Shemeji, nyumba hii haina tena kinachovuja. Hebu niambie, unataka nini hasa?"

Baba akafikiri, akajibu kwamba mlango wa jikoni ungefaa kupakwa rangi.

Mama mkubwa aligeuka akapaza sauti hadi uani. "Wewe! Anataka kukuoa! Njoo umjibu mwenyewe, huyu hataweza."

Hivyo ndivyo tulivyozaliwa.

Sasa, mwisho wa ukumbi wa hospitali, baada ya eksirei, kulikuwa na chumba cha plasta. Ndimo walimofungwa waliovunjika mikono na miguu. Kilikuwa chumba kidogo chenye beseni la chuma, meza ndefu, rafu za bendeji zenye unga mweupe, na sakafu iliyotapakaa matone makavu ambayo hakuna mfagizi aliyeyaweza. Mwenye chumba alikuwa Mzee wa Plasta, mtu mfupi mwenye mikono mipana, aliyekuwa akifunga mifupa ya watu kabla hata mimi sijazaliwa.

Baba alikipenda chumba kile jinsi wengine wanavyopenda uwanja wa mpira. Alikuwa akimfikisha mgonjwa, anasimama pembeni kutazama. Bendeji inaingia majini ikiwa laini kama kitambaa, inatoka inadondosha maji meupe kama maziwa, inazungushwa, inapapaswa, na baada ya dakika chache imekuwa ngumu kama ukuta. Mtu aliyeingia analia kwa maumivu anatoka amenyamaza. Baba alitusimulia hayo mezani, na mikono yake ikizunguka hewani bila yeye kujua.

Basi akaanza kutupia neno na huko pia. Alimjazia Mzee wa Plasta beseni kabla hajaomba, akayapima maji kwa kiwiko yasiwe ya moto wala ya baridi. Alipanga bendeji kwa upana wake. Alishika mguu wa mgonjwa pale paliposhikika vizuri. Kila alipopata nafasi alisema, "Kazi hii, Mzee, inahitaji mtu mwenye subira," kisha akanyamaza ili Mzee amalizie. Mzee hakumalizia. Alisema tu, "Kweli kabisa," akaendelea na kazi yake.

Alikaa hivyo miaka kumi na miwili. Katika muda huo nafasi ya msaidizi ilitokea mara mbili, na mara mbili akachukuliwa mtu kutoka nje. Nakumbuka ile ya pili. Baba alirudi, akavua viatu taratibu, akakaa.

"Chumba cha plasta wamepata mtu mpya," alisema. "Hajui hata kupima maji."

Mama alikuwa anakunja nguo. "Uliwaambia kwamba unaitaka nafasi hiyo?"

"Si wananiona kila siku?"

"Wanakuona unajaza beseni, Baba Watoto. Wanajua unapenda beseni."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baba hakucheka. Alitoka kwenda kukaa barazani, na mimi nilipomfuata nikamkuta anajitazama viganja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba fumbo moja la Baba halikuwa mchezo.

Huyo mtu mpya naye hakudumu, alihamia kazi nyingine kabla ya mwaka kwisha. Kisha ikasikika kwamba Mzee wa Plasta mwenyewe amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Baba akaongeza bidii ya kupanga bendeji.

Aliyembadilisha alikuwa mgonjwa, bibi mmoja aliyeanguka kwenye ngazi za nyumba yake na kuvunjika kifundo cha mkono. Baba alikwenda kumchukua mapokezi asubuhi moja, na hata kabla hawajafika kwenye kona, bibi yule alikuwa ameshaomba mambo manne.

"Nataka mto chini ya mkono huu. Na hiyo shuka nivutie, miguu inapata baridi. Usipite kwa kasi. Na nataka maji ya kunywa."

Baba alifanya yote. Walipofika eksirei wakakuta foleni, ikabidi wangoje ukutani. Bibi akamwita muuguzi aliyekuwa akipita. "Mwanangu, naomba uniambie nitangoja muda gani." Muuguzi akaenda kuuliza, akarudi na jibu. Baba alikuwa amesimama na wagonjwa kwenye ukuta ule kwa miaka kumi na tisa, na hajawahi kusikia mtu akijibiwa swali hilo. Aligundua pia kwamba hajawahi kusikia mtu akiliuliza.

Bibi alimtazama. "Na wewe je, unataka nini?"

"Mimi, mama? Mimi sina shida."

"Sikuuliza shida zako. Shida kila mtu anazo. Nimeuliza unataka nini."

Baba alitusimulia baadaye kwamba hapo alitafuta neno la kutupia, akalikosa, maana bibi yule alikuwa anamkazia macho na hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Nataka kufunga plasta," alisema.

"Nani kakukataza?"

"Hakuna."

"Umemwomba nani?"

Baba aliinama kukagua gurudumu la machela. Bibi akaguna, akageuza uso ukutani, akasema anataka ule mto usogezwe kidogo.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa mezani sote. Baba alimaliza chai yake. Tulimwona anakitazama kikombe, tukajiandaa kwa fumbo. Badala yake alikohoa, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya ngazi ndefu.

"Mama Watoto."

"Abee."

"Naomba kikombe kingine cha chai."

Mama alisimama na birika hewani. Mdogo wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama Baba anaumwa. Mama akamimina, polepole, akijaza hadi juu kabisa. Baba akakitazama kikombe, halafu akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Na nataka kazi ya chumba cha plasta," alisema. "Naitaka sana."

Mama aliketi. Macho yake yalilowa, lakini ukali wa mdomo ulibaki palepale. "Basi usiniambie mimi. Mimi sina chumba cha plasta."

Jioni hiyo Mama alimfanyisha mazoezi. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, akavaa miwani ya kusomea, akasema, "Haya, mimi ni daktari wa mifupa. Ingia."

Baba akaingia kutoka barazani. "Hodi, Daktari. Habari za leo? Naona mvua zimechelewa mwaka huu..."

"Mgonjwa anayefuata!" Mama akapaza sauti.

Alirudishwa nje mara tano. Mara ya tatu alisifia ukuta wa ofisi. Mara ya nne alisema kuna mtu mmoja anayemfahamu ambaye angependa kujifunza. "Mlete huyo mtu," Mama alisema, "wewe nenda zako." Mara ya sita alisema alichotaka kwa pumzi moja, sentensi moja, na Mama akavua miwani.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mdogo kwa Baba kwa miaka kama kumi, mwenye sifa ya kutembea haraka na kusema kidogo. Baba alimwendea Jumatano, mapema, kabla Daktari hajaanza kupita wodini. Alibisha, akaingia, akakataa kiti kwa sababu aliogopa kwamba akikaa ataanza kuongea habari za mvua.

"Daktari, nataka kujifunza kufunga plasta. Na Mzee atakapostaafu, nataka nafasi yake."

Daktari akaweka kalamu chini. "Tangu lini unataka hivyo, mzee?"

"Miaka kumi na miwili."

"Kumi na miwili! Mimi niko hapa mwaka wa sita, mbona sijasikia?"

"Sikusema."

"Nilikuwa nakuona mle ndani kila wakati. Nilidhani unakwenda kupumzika."

Baba alisema neno hilo lilimchoma kuliko sindano. Kupumzika! Lakini hakuwa na wa kumlaumu.

"Sitakudanganya," Daktari aliendelea. "Siwezi kukupa nafasi hiyo. Fundi wa plasta lazima awe na cheti, na wewe huna."

Baba wa wiki moja nyuma angeshukuru, angefunga mlango bila kelele, na tusingesikia kitu. Baba wa Jumatano ile alibaki pale aliposimama.

"Cheti kinapatikanaje?"

Kilipatikana kwa kozi ya miezi tisa katika chuo cha hospitali kuu. Mfanyakazi aliweza kupelekwa kwa barua ya hospitali yake. Daktari alivuta droo, akatoa karatasi ya masharti, akasoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Una umri gani?"

"Arobaini na minne."

"Wanachukua walio chini ya arobaini na mitano. Unatimiza lini?"

"Mwezi wa tisa."

Kozi ilianza mwezi wa nane. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Daktari alimtazama Baba, Baba akamtazama Daktari. Hakukuwa na mwaka mwingine. Kama angetupia neno lake kwa wiki moja zaidi, mlango ungefungwa na asingejua kwamba uliwahi kuwa wazi.

"Naomba barua hiyo, Daktari," alisema. "Naomba uiandike leo."

Daktari alicheka, kicheko cha mtu aliyeshtukizwa. "Leo? Sawa, leo. Kuna kingine?"

"Kipo. Naomba Mzee wa Plasta anifundishe saa za mapumziko mpaka nitakapoondoka, nisiende mikono mitupu."

Barua iliandikwa kabla ya mchana. Baba aliipeleka chuoni mwenyewe, akasubiri mpaka igongwe muhuri, akaomba nakala. Akapewa.

Mzee wa Plasta ndiye aliyekasirika. Alipiga beseni kwa kiganja, maji yakaruka.

"Miaka yote hii unanijazia maji, nikawa nawaambia watu, yule ana moyo wa huruma. Kumbe ulikuwa unaomba kazi!"

"Unisamehe, Mzee. Sikujua kuomba."

"Sikusamehe ng'o. Lete mkono."

"Mkono gani?"

"Wowote. Kunja shati."

Akamfunga Baba plasta kutoka kwenye vidole mpaka kiwiko. Pamba kwanza, kisha bendeji, kisha kupapasa kwa kiganja. "Kiganja, si vidole! Kidole kinaacha shimo, na shimo litamchimba mtu nyama mwezi mzima." Baba akausikia mkono unapata joto polepole, akashtuka. "Umesikia? Sasa umejua ni kitu gani cha kumwambia mgonjwa kabla hajaogopa. Asiyejua mgonjwa anasikia nini, huyo aende kupiga lipu nyumba za watu." Kisha akaukata ule mkono mweupe kwa msumeno wa umeme, akamwambia arudi kesho na mguu.

Chuoni Baba alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na kuliko walimu wawili. Wanafunzi walimwita Babu. Majina ya mifupa yalimtesa, maana shule aliiacha mapema na maandishi marefu yalimchosha macho. Lakini alikuwa amepata silaha mpya, na aliitumia bila haya. "Mwalimu, sijaelewa. Naomba urudie." Akirudiwa na bado hajaelewa, alisema bado. Baada ya mwezi mmoja vijana waliokaa nyuma yake wakawa wanamgusa bega. "Babu, muulize na hili." Nao walikuwa hawajaelewa, ila walikuwa wanaona aibu.

Alitupigia simu kila Jumapili kutoka bwenini tumsikilize akitaja mifupa. Mimi nilishika daftari, yeye akataja kuanzia begani mpaka ncha ya kidole. Akikosea hakutafuta pa kujificha. "Hapo nisaidie," alisema, nikamsaidia. Kisha aliomba apewe Mama. Zamani, alipokuwa safarini, alikuwa akimuuliza Mama kama mvua imenyesha, na Mama alijua maana yake. Jumapili ya kwanza nilimwona Mama anasikiliza, anajibu, "Hata mimi," halafu anatoka nje na simu na kurudishia mlango. Aliporudi tulimuuliza Baba kasema nini. Akasema hayatuhusu. Mdogo wangu alikuwa ameshasikia yote dirishani. Baba alikuwa amesema, "Nimekukumbuka."

Alifaulu. Katika maandishi alikuwa wa kumi na moja kati ya ishirini na sita. Katika kazi ya mikono alikuwa wa kwanza, na hilo cheti kinalitaja kwa wino mweusi. Kipo kwenye fremu sebuleni. Alikitundika siku aliyorudi, akaomba tusogee wote tukione.

Mzee wa Plasta alistaafu miezi mitano baadaye, na Baba akakaa katika chumba kile miaka kumi na minne. Kuna watu wengi katika mji huu wanaotembea sawasawa kwa sababu ya viganja vyake, na baadhi yao wakinikuta sokoni huinua mguu kunionyesha.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku yake ya kwanza akiwa peke yake mle ndani. Mama alinituma nimpelekee chakula. Ukumbini kulikuwa na benchi la watu wanaosubiri, na mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Ndani alilala fundi mwashi, pande la mtu, aliyekuja kutolewa plasta ya mguu. Alikuwa ameona msumeno, na jasho lilimtiririka.

"Bwana, hicho chuma kitanikata!"

"Unaogopa?" Baba aliuliza.

"Naogopa, ndiyo!"

"Vizuri umesema. Tazama hapa." Akauwasha msumeno, ukanguruma, akagusisha meno ya msumeno kwenye kiganja chake mwenyewe. Akakiinua kiganja kizima, bila hata mchubuko. "Unatetemeka tu, hauzunguki. Unakata kilicho kigumu. Nyama inacheza nao. Ukisikia joto, niambie nisimame."

Mwashi akajilaza tena. Baba alikata upande mmoja, akakata wa pili, akapasua lile ganda kama mtu anayefungua kitabu, na mguu ukatoka, mwembamba, umepauka, umenyooka. Alimshika mwashi chini ya kwapa, akamshusha sakafuni. Mwashi akakanyaga kidogo, halafu zaidi, halafu akasimama. Alipumua kwa nguvu mpaka tukasikia ukumbini.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi, fundi?"

"Leo ndiyo naanza," Baba alisema.

Macho yalimtoka mwashi. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko, benchi zima likacheka, na mwashi mwenyewe akacheka huku amejishikilia kwenye meza. Mama mmoja aliyebeba mkono wake kwenye kitambaa aliniuliza kama na mimi niko kwenye foleni, maana nilikuwa nimesimama mbele ya mlango na sisogei.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Yule ni baba yangu."

Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa.